Mwaka Nilipomwajiri Mtani

Mbeleje amefariki, na mimi nimetoka kumzika. Kulia kwenyewe sikupewa nafasi, kwa sababu nilikwenda pale kama Mnyamwezi, na Mnyamwezi akifika kwenye msiba wa Mgogo ana kazi yake. Sisi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, na mtani hazikwi kwa heshima. Kwa hiyo, na mvi zangu hizi na magoti yasiyokunjuka, nilisimama mbele ya wafiwa nikatangaza kwamba marehemu afungwe kamba kabla ya kushushwa, maana alikuwa mwizi tangu ujana wake na ataondoka na chumvi ya malaika. Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, wakashindwa kurudi kwenye kilio. Mjukuu wake mkubwa akanipa jogoo ili ninyamaze. Nikampokea jogoo, nikasema ni mdogo, nikaendelea. Nilipofika mahali ambapo sauti ilianza kunitoka vibaya, nikajifanya nakohoa, nikaenda kukaa nyuma ya ghala na jogoo wangu mapajani.

Jioni nilirudi kwa mjukuu wangu Zuhura, binti wa mwanangu Doto, ambaye ni nesi hapa Dodoma na ana watoto wawili wadogo wanaopanda kila kitu chenye urefu. Nilimkuta na mumewe mezani, wanabishana. Je, wamweke yaya nyumbani, au watoto wapelekwe shule ya vidudu kule misheni? Yaya anakula, analala, anavunja vikombe na siku moja anaaga kwenda msibani asirudi. Shule haivunji vikombe, lakini inafunga saa sita mchana, inataka ada ya kila kichwa, na mtoto akikohoa kidogo anarudishwa. Walipanda na kushuka na hesabu hiyo mpaka chai ikapoa. Kisha Zuhura akanigeukia akasema, "Bibi, nyie enzi za Mdachi mlikuwa mmepumzika. Mtoto alikuwa analelewa na ukoo mzima, bure." Nikaweka kikombe chini. Mwenyewe sikuwahi kuona huo ukoo mzima. Nilichokuwa nacho mwaka ule wa reli ni mapacha, pasi ya mkaa, na mume mwenye hesabu kali kuliko za bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kidachi.

Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma, ikawa inasogea magharibi kuelekea kwetu Unyanyembe, na Kasimu mume wangu alikuwa mmoja wa waliobeba mataruma. Tulipanga vyumba viwili katika tembe moja refu, lile la ukuta wa miti na udongo na paa la tope lililo bapa, fupi kiasi kwamba Kasimu alijifunza unyenyekevu kwa kugonga kipaji cha uso. Chumba cha mbele tulikaa sisi, moto na mitungi. Cha nyuma kilikuwa na vihenge vya nafaka, mbuzi wa mwenye nyumba na harufu yake. Mimi nilikuwa nikipiga pasi nyumbani kwa Bibi Mjerumani, karibu na stesheni. Bibi yule alivaa nguo nyeupe katika nchi ya vumbi jekundu, na kwa ukaidi wake huo sisi tulipata chakula. Mvua zilikuwa zimekuwa haba, mtama ulipanda bei kila wiki, na kodi ya Mdachi haikuwa na habari za mvua. Mshahara wa Kasimu peke yake usingetufikisha mavuno. Kuacha kazi hakukuwezekana. Kwenda kazini na Kulwa na Doto mgongoni pia hakukuwezekana, maana nilijaribu siku moja, na Kulwa akaonja sabuni huku Doto akijifunika shuka la Bibi Mjerumani, kisha akalilowesha.

Basi nikaenda kwa Bibi Tatu. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mke wa mchuuzi wa tumbaku, mwanamke mnene, msafi, mwenye kushika swala zake na kushika zaidi masharti yake. Uani kwake walikusanyika watoto wote wa vibarua wa reli, wanatambaa, wanalia, wanapigana, naye amekaa katikati kwenye mkeka na ufito mrefu ambao hakumpiga nao mtu, aliuelekeza tu. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika marahaba bila kunitazama, akawatazama mapacha kama mtu anayekagua mbuzi. Masharti yake yalikuwa haya: kila mtoto kibaba chake cha unga, kila mtoto maji yake, kila mtoto kuni zake. Nikamwambia hawa ni mapacha, wahesabiwe mmoja, maana walikuja siku moja. "Walikuja siku moja," Bibi Tatu akasema, "lakini naona midomo miwili. Na huyo wa kushoto ananiuma wakati huu tunaongea." Kweli Kulwa alikuwa ameshika kidole chake cha mguu kwa meno. Tukakubaliana bei ya wawili.

Unga ningeuweza. Kilichoniua ni maji na machelewo. Maji ya Dodoma wakati ule yalichimbwa mchangani kwenye korongo kavu, unakaa na kata yako ukisubiri yachuruzike, na mwanamke wa mbele yako anasimulia ndoa yake yote kabla mtungi wake haujajaa. Kupeleka mtungi kwa Bibi Tatu kulimaanisha kuamka kabla ya jogoo. Na machelewo yalikuwa na faini. Kivuli cha ukuta wa magharibi kikigusa mkeka wa Bibi Tatu na mtoto wako bado yupo, unadaiwa yai. Bibi Mjerumani hakujua habari za kivuli hicho. Kila nilipokunja nguo ya mwisho alitoa nyingine, na kila jioni nilikimbia na mkono mmoja umeshika kitenge na mwingine umeshika yai. Kuku wangu alitaga kwa bidii, maskini, lakini hakuweza kwenda sawa na nguo za Kizungu. Mwishowe nilimbeba kuku mwenyewe nikampelekea Bibi Tatu, nikamwambia, "Kaa naye, mmalizane wenyewe." Akampokea. Nampa haki yake Bibi Tatu, watoto walirudi wamenawa, wameshiba uji, na Doto anasema bismillahi kabla ya kula hata udongo.

Siku moja nilikuwa chumba cha nyuma nachota mtama kwenye kihenge, Kasimu akaingia na rafiki yake wa kazini, wakakaa mbele. Ukuta wa tembe unazuia jua, hauzuii maneno. Nikamsikia mume wangu anasema, "Mke wangu anafanya kazi kumlisha Bibi Tatu. Akileta kibaba, kinakwenda Kondoa." Rafiki yake akacheka. Kasimu akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuamua: kuna kundi la Wanyamwezi wanamaliza mkataba, baada ya mavuno mnyapara wao anawarudisha nyumbani kwa miguu, na mapacha wataondoka nao kwenda kwa mama yake. "Kwa mama ni bure," akasema. Nilikaa chini pale pale kwenye mtama. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa kwa mama mkwe tangu aache ziwa. Nilipokwenda kumwona, nimebeba asali, nimejipaka mafuta, alinitazama kisha akajificha nyuma ya nguo ya bibi yake, na bibi yake akamwambia msalimie mgeni. Nilikaa kwao wiki nzima na niliondoka bado mgeni. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Lakini nimeishi miaka mingi na sijaona kitu ghali kama hicho alichokiita Kasimu bure.

Sikulala vizuri siku hizo. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, kumpata mlezi wa bei ambayo Kasimu angeshindwa kuipinga kabla mavuno hayajaisha. Na hapo ndipo Mbeleje aliposimama mlangoni na kibuyu chake cha maziwa. Alikuwa mjane wa Kigogo kutoka upande wa Kongwa, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mrefu, kajipaka mafuta na udongo mwekundu mpaka anang'aa, masikio yametobolewa unaweza kupitisha kidole. Alikuwa akituletea maziwa tukimpa chumvi. Siku hiyo alimkuta Kulwa analia na Doto anamsaidia, akaweka kibuyu chini, akawabeba wote wawili, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, nao wakanyamaza. Nikamuuliza papo hapo, "Dada Mbeleje, ungechukua nini kunilelea hawa?" Akanitajia. Atakula tunachokula, atapata chumvi yake, na baada ya mavuno nimpe kaniki moja. "Na kwa kuwa ni wawili?" nikauliza kwa hofu. "Pacha ni mtoto mmoja aliyerudiwa," akasema. Nilitaka kumbusu miguu. Sikuwa nimefikiri hata kidogo juu ya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliona kwanza, kwamba nilikuwa namwajiri mtani.

Kwa vijana wa leo ambao utani wao ni wa kutupiana maneno tu, nieleze. Mtani hagombezwi. Mtani akikutukana unacheka, akichukua chako unakikomboa kwa kitu kingine, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, watu watakusema mpaka Unyanyembe. Sasa jaribu kumtuma kazi mtu wa namna hiyo. Siku ya kwanza nilimwambia, kwa adabu, afagie uani. "Fagia wewe," akanijibu, "Wanyamwezi ndio mna migongo ya kuinama, mmebeba mizigo ya watu tangu dunia iumbwe." Majirani wakaanguka kwa kicheko. Nikafagia. Siku ya pili Kasimu alirudi kazini akamkuta Mbeleje ameketi kizingitini, miguu imenyooka kuziba mlango, mapacha wamelala pajani. "Mbukwa," akamsalimu kwa Kigogo, kisha akanyoosha kiganja. "Babu zangu walikaa njia ya Kongwa, na kila Mnyamwezi aliyepita alilipa hongo, ushuru wa njia. Wewe unapita hapa kila jioni bure. Unadhani hii nchi ya mama yako?" Kasimu alikuwa amechoka, ana njaa, na ugali ulikuwa upande wa pili wa miguu hiyo. Akatoa tumbaku. Kesho yake akatoa tena.

Baada ya tumbaku kilikwenda kigoda chake. Baada ya kigoda likaenda koti, na koti hilo lilikuwa roho ya Kasimu, alipewa na fundi mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao, lina vifungo vya shaba na mfuko wa ndani. Mbeleje alilitungua msumarini, akalivaa juu ya mafuta yake na udongo wake mwekundu, na jioni Kasimu alipouliza liko wapi, akamwambia, "Nimelirithi." "Sijafa!" akasema Kasimu. "Nimewahi foleni," akasema Mbeleje. Wakaja na ndugu zake kuwasalimu mapacha, wakakaa kula, kwa sababu ndugu wa mtani nao ni watani. Jiko letu likawa mlenda asubuhi, mlenda jioni, na watoto wangu wakajua kuuvuta uzi wake kutoka bakulini mpaka sikioni. Mapacha walipakwa udongo mwekundu kichwa mpaka kisigino. Nilimkumbatia Doto asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, na kitambaa cha meza cha Bibi Mjerumani kikapata alama ya mkono ambayo haikutoka tena. Lakini watoto walinenepa. Walikuwa wakicheka tangu nikiwa mbali, na niliporudi walinikimbilia mimi, kwa sababu Mbeleje alikuwa akiwaambia mchana kutwa, "Mama yenu anakuja, yule punda, mwangalieni anakuja."

Kasimu alifanya hesabu yake mbele yangu, juu ya sahani ya mlenda. Bibi Tatu alitutoza unga, maji, kuni na mayai. Huyu bei yake ni chumvi na kaniki moja, ila tumbaku imekwisha, kigoda kimekwenda, koti limegeuka rangi na ndugu zake wamezidi wa kwangu. "Bibi Tatu alikuwa anakula chakula chetu," akasema, "huyu anakula nyumba." Nikamwambia watoto wana afya. Akasema kwa mama yake pia watakuwa na afya. Nikamwambia kuhusu mkubwa wetu, jinsi alivyojificha. Hapo akatazama moto. Naamini alijua, na aliona haya, lakini alikuwa amekwisha kumpa mnyapara neno lake mbele za wanaume. Mavuno yakaisha. Nilimweleza Mbeleje yote huku ninasaga, machozi yanaingia ungani, na yeye hakunitania hata neno moja, jambo lililoniogopesha zaidi ya yote.

Siku ya safari kundi lilikusanyika nje ya karakana za reli, mizigo imefungwa, sufuria zinalia. Mimi niliiacha pasi ya Bibi Mjerumani juu ya jiwe nikakimbia. Kasimu alikuwa amewashika mapacha mikono huku na huku, uso wake umekauka kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mnyapara, mzee mkavu aliyebeba pembe tangu ujanani, alikuwa amekwisha kuinua fimbo ya kuanza safari. Na katikati ya njia, palipokuwa wazi dakika moja kabla, akawa amekaa Mbeleje, na koti la vifungo vya shaba, miguu imenyooka. Mnyapara akateremsha fimbo. "Dada," akamwambia, "sisi tunapita." "Piteni," akasema Mbeleje, "mkishalipa." Mzee yule akaanza kutabasamu polepole, meno yake yote manne. Nadhani alikuwa hajasikia neno hilo tangu Mdachi apige marufuku hongo. Akatoa ushanga, akalipia kundi lake. Kila mtu akapewa ruhusa ya kupita. Kasimu akatoa tumbaku. Mbeleje akaipokea, akainusa, akasema, "Hii ni ya miguu yako. Bado watoto."

Kasimu akatoa chumvi. Ikapokewa, bado. Akatoa kisu. Kikapokewa, bado. Watu walikuwa wamezunguka, vibarua, wachuuzi, hata askari mmoja aliyekuja kutawanya watu akabaki kutazama. "Sasa unataka nini?" Kasimu akapiga kelele. Mbeleje akasimama, akawatwaa mapacha mikononi mwake, akawaingiza wote wawili ndani ya koti na kufunga vifungo mpaka juu, vikabaki vichwa viwili chini ya kidevu chake. "Sitaki kitu," akasema. "Nimewateka." Watu wakapiga yowe la furaha: "Katekewa! Mnyamwezi katekewa!" Kasimu akamgeukia mnyapara. "Baba, mwambie huyu mwanamke." Mnyapara alikuwa anafuta machozi ya kicheko, lakini alipojibu hakuwa anacheka. "Kijana, mtani akiteka, hunyang'anyi. Ukitia mkono umevunja utani, na njia hii tunapita sote, sisi na watoto wetu. Mimi sitabeba watoto ambao hongo yao haijalipwa nikafe kwa kiu huko nyikani. Neno lako ulilonipa nimekurudishia." Akainua fimbo, kundi likaondoka, na ndani yake hapakuwa na mtoto wangu.

Kasimu alibaki njiani anatazama koti lake na vichwa vile viwili. Kulwa akamwonyesha ulimi. Mume wangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa vumbini, na nilimwona wazi kwamba alikuwa mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi sikucheka. Nikamfuata Mbeleje mpaka nyumbani. Aliwafungua watoto, akanywa maji, akaketi. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Dada Mbeleje, mimi nitakulipa nini?"

Akanishangaa. "Unilipe nini wewe? Watoto ni wangu, umemsikia mzee wenu. Sasa mimi ni mtu wa ng'ombe, siwezi kushinda na kulala na watoto. Natafuta mlezi. Naona wewe unajuajua kidogo. Unachukua nini?"

Nikacheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia kwa sauti, kilio nilichokuwa nimekizuia tangu siku ile ya kihenge. Nilipopata pumzi nikamtajia bei yangu. Nilimwambia nataka nilale nao mimi. Nataka wakiumwa niwashike mimi. Na neno mama, wakilitamka, waniite mimi, siku zote, hata wakiwa wakubwa.

Mbeleje akajikuna shingo.

"Wanyamwezi mna bei kali," akasema. Kisha akamwinua Doto, akamtua mapajani mwangu, akaniambia kazi inaanza sasa hivi.